Nichague mtu au chama? Mwanangu ameniita mpumbavu kwa adabu

Mama Miyaa, Matondoni

Assalam aleikum, jamani. Nina swali, na mnivumilie kwa sababu nalianzia mbali.

Mimi ni msusi wa mikeka, Matondoni, kisiwani Amu. Kura yangu ya kwanza niliipiga Desemba 1992, na tangu siku hiyo sijawahi kumpa mtu kura kwa sababu ya chama chake. Nachagua mtu. Namtaka yule ninayewajua kwao, ninayejua hulipaje deni dukani, na alikuwa wapi usiku ule mjukuu wa jirani alipotakiwa kuvushwa kwenda hospitali na boti hazina mafuta. Agosti 2022 nilipoingia darasani kupiga kura nikakabidhiwa karatasi sita, kila moja na rangi yake: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake zambarau (au waridi, miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani), na ya wadi rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nikaweka alama zangu sita kwa vyama vinne, na mmoja wao hakuwa na chama kabisa. Nikatoka na wino kidoleni, roho kunjufu, kama mtu aliyemaliza kushona mkeka wa rangi.

Juzi Ijumaa mwanangu wa mwisho alivuka kutoka Mokowe, ana pikipiki ya abiria huko. Mwaka 2027 ndiyo kura yake ya kwanza. Tukiwa tunakula nikamwambia, mwanangu, tazama mtu, usitazame alama. Akarudisha tonge sahanini. "Mama, kwa adabu zote," akasema, na mtoto akianza na adabu zote ujue adabu zimekwisha, "nyinyi wa kuchagua mtu ndio mliotuweka hapa. Mmetia watu sita kwenye chombo kimoja, kila mmoja anavuta tanga upande wake. Mkiuliza gati liko wapi, huyu anasema muulize yule, yule anasema muulize huyu, na wote mmewachagua nyinyi." Yeye anataka suti kamili. Chama kimoja, karatasi zote sita, ili mambo yakiharibika pasiwe na wa kumsukumia mwenzake.

Nikamjibu kwa maneno ya marehemu mavyaa wangu: "Chama hakiyi mazikoni, mwanangu. Mtu huya." Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda.

Usiku usingizi ukanikataa. Kwa sababu kuna mwaka mmoja, sitasema upi wala kiti gani, nilimpa kura mtu kwa sababu hiyo hiyo ya mazikoni. Hakukosa maziko hata moja. Alibeba jeneza, alishika jembe, hitimani alikaa mpaka kahawa ya mwisho. Akachaguliwa, na mazikoni akaendelea kuja, simsingizii. Ila kila nilipomuuliza habari ya ngazi za kuteremkia botini, jibu lilikuwa moja: "Mama, kule ndani niko peke yangu, wenye wingi hawanisikilizi." Mnaopajua hapa mnajua maji yakikupwa inakuwaje. Unaacha viatu, unakunja buibui, unatembea matopeni mpaka magotini na mzigo kichwani. Siku moja niliteleza na mikeka miwili ya mteja wa Shella aliyekwisha kunilipa nusu. Nikaiosha, nikaianika, lakini nyekundu ilikwisha ingia kwenye nyeupe. Nilimrudishia pesa zake. Mikeka ile naikalia mimi mpaka leo, na kila nikiikalia namkumbuka mheshimiwa wangu wa mazikoni.

Basi niambieni. Kuchagua mtu kuna faida gani akifika ndani akawa peke yake? Na kuchagua chama kuna faida gani, ikiwa chama chenyewe nakiona mara moja kwa miaka mitano, kikija na leso? Kabatini nina leso za vyama vitatu. Moja nafungia miyaa. Ni nzito nzuri, hiyo siikatai.


Mzee wa Mkunguni, Amu mjini

Wa aleikum salaam, dada yangu. Mimi nimekuwa wakala wa wagombea chaguzi nyingi, wa vyama vitatu tofauti na wa mgombea huru mmoja. Msinicheke. Uwakala ni kazi ya siku moja yenye chai na posho, na mtu hujifunza mengi akikaa usiku kucha kwenye kiti cha mtoto wa darasa la nne.

Kwanza nimjibu huyo kijana, kisha nikujibu wewe.

Kijana anadhani kuchagua mtu ni ugonjwa wa wazee. Amwambie babu yake yeyote amsimulie 1988. Chama kilikuwa kimoja kisheria tangu 1982, KANU, alama yake jogoo, na kabla ya hapo kwa miaka mingi hakukuwa na kingine cha kushindana nacho. Wote walikuwa jogoo. Mtu mwema jogoo, mwizi jogoo. Kwenye mchujo wa mwaka ule tulipiga mlolongo: unapanga foleni nyuma ya aliyeshika picha ya mgombea wako, mchana kweupe, mkwe anakuona, mwenye duka anakuona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alipita papo hapo, hakuna kura ya siri tena. Mimi nilisimama nyuma ya picha nisiyoitaka kwa sababu aliyekuwa akinidai alisimama mbele yangu akigeuka geuka. Huko ndiko kuchagua mtu bila chama cha kupimana naye. Na watu wale wakifika Nairobi, jogoo mmoja akiwika wote huwika. Mpaka Desemba 1991 kilipoondolewa kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichoruhusu chama kimoja tu.

Sasa wewe, dada. Nikupeleke usiku wa kuhesabu. Milango ikifungwa, sanduku la rais ndilo hufunguliwa kwanza. Karani anatoa karatasi moja, anaifunua, anaiinua juu ya kichwa chake, anaigeuza kushoto na kulia ili kila wakala aone alama imewekwa wapi, anataja jina. Moja. Anachukua nyingine. Hesabu ile ikiisha, mawakala wa upande uliopata nyingi huanza kukaa vizuri, mmoja anaagiza kahawa. Wanadhani sanduku la buluu litasema maneno yale yale. 2022 nilikuwepo chumbani la buluu lilipofunguliwa, na kahawa ile haikunyweka. Wa rais alikuwa amezoa, na wa ugavana wa mrengo ule ule hakufika nusu yake. Waliompigia rais wa huku ndio hao hao waliompigia gavana wa kule, kwa kalamu moja, kwenye kibanda kimoja cha kadibodi.

Na si kituo changu tu. Tazama kaunti yetu. 2013 ugavana ulichukuliwa na UDF, 2017 na Jubilee, 2022 na ANC. Chaguzi tatu, vyama vitatu, na wa kwanza na wa tatu ni mtu yule yule, Issa Timamy. Katikati Fahim Twaha. Mwaka 2022 huo huo useneta Jubilee, wabunge wote wawili, wa Mashariki na wa Magharibi, Jubilee, na mwakilishi wa wanawake, Muthoni Marubu, aliingia akiwa mgombea huru. Kisha ANC yenyewe 2025 ikavunjwa ikaingia UDA.

Kwa hivyo muulize kijana swali moja tu: aliyevaa suti kamili ya ANC 2022, suti yake leo iko kabati la nani?


Binti wa Kizingitini

Shikamoo Ami. Mama Miyaa, pole kwa mikeka, nimeumia kama yangu.

Mimi nasoma Mombasa, baba anavua, na ninamuunga mkono mwanao. Ami amesema kweli kwamba huku kwetu watu huchagua mtu. Swali ni kile kinachoamuliwa na huyo mtu.

Baba ana boti ya mashine ya nguvu farasi kumi na tano. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Asubuhi ya kwanza baada ya pale alirudi kutoka kununua mafuta, akaliweka dumu la lita 20 mlangoni, akalitazama tu. Likiwa halijajaa. Kwa pesa zile zile. Akasema, "Hii ndiyo ya kwendea, ya kurudia tutaomba upepo." Wenzake walitweka matanga siku zile, watu walikuwa hawajatweka kwa miaka. Sheria ile haikupitishwa na mtu wa mazikoni wala na mtu asiyefika mazikoni. Ilipitishwa na wingi. Viranja wa vyama bungeni wanahesabu vichwa, wanajua kabla ya kengele kulia nani yuko upande gani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopigiwa kura tarehe 25 Juni ulipata ndio 195 na la 106. Rais alikataa kuutia saini baada ya vijana wenzangu kujaa barabarani, na wengine hawakurudi makwao, lakini bungeni ulikuwa umepita. Hao 195 kila mmoja alichaguliwa na mtu aliyesema "mimi natazama mtu." Kila mmoja ana maziko aliyohudhuria.

Mtu anakuja kukuzika. Chama kinapanga bei ya mafuta ya boti itakayokubeba ukiwa mgonjwa. Mimi nitatazama chama.


Mzee wa Mkunguni, Amu mjini

Marahaba binti. Umesema vizuri na baba yako namjua kwa sifa. Ila nitafutie kwenye ilani za vyama hivyo, chama chochote, 2022, ukurasa ulioandikwa kwamba tutapandisha ushuru wa mafuta ya boti.


Binti wa Kizingitini

Hakuna, Ami.


Mzee wa Mkunguni, Amu mjini

Haya basi.


Msafiri 254

Mnapoteza bando. Wote wanatoa mia mbili mia mbili usiku wa kuamkia kura, mnapokea wote, mnaimba wote. Mtu, chama, mgombea huru, bahasha ni ile ile.


Mama Miyaa, Matondoni

Msafiri, bahasha nilizipokea mbili na kura sikumpa yeyote kati yao. Umenena juu yako. Tuendelee.


Mwalimu, Hindi

Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha mitihani. Nafundisha historia na uraia, kwa hivyo mtanisamehe nikinusa chaki.

Kuna jambo hapa mmelipita mbio. Mgombea huru ni mgeni nchini. Katiba ya zamani ilitaka kila mgombea apitishwe na chama, na ni hii ya 2010 iliyofungua mlango, kwa hivyo uchaguzi wa kwanza wa wagombea huru ni wa 2013. Masharti yenyewe si mepesi. Kiti cha wadi unahitaji wapiga kura 500 wa kukuunga mkono, ubunge 1,000, useneta 2,000. Na uwe hukuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Hilo la mwisho ndilo limewakwamisha wengi. Mnakumbuka 2021 watu walipoanza kujitazama kwenye eCitizen, ile tovuti ya serikali, wakajikuta wamesajiliwa vyama wasivyovijua? Rafiki yangu mmoja alitaka kiti cha wadi. Akakuta yeye ni mwanachama wa chama ambacho hata ofisi yake hajui iko mji gani. Ilibidi aandike barua ya kujiuzulu kutoka mahali ambapo hakuwahi kuingia. Tulimwandikia pamoja, mezani kwangu, na kwenye mstari wa "sababu za kujiuzulu" akaniuliza aandike nini. Nilimwambia aandike "binafsi". Hatukuweza kumaliza kwa kicheko. Kiti hakukipata, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Sasa Mama Miyaa, nataka ushike ile karatasi yako ya rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo karatasi ya ajabu kuliko zote sita, kwa sababu inapiga kura mara mbili na watu wengi hawajui. Mara ya kwanza inamchagua mwakilishi wa wadi yako. Mara ya pili inahesabiwa kwa chama chake. Bunge la kaunti lina viti maalum, vya wanawake wa kujaza pengo ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na vya makundi kama vijana na watu wenye ulemavu. Viti hivyo hakuna anayevipigia kura. Vyama hupeleka orodha zao, na hugawiwa kulingana na wadi ambazo kila chama kimeshinda. Kaunti yetu ina wadi 10 tu: Faza, Kiunga na Basuba upande wa Mashariki, na Magharibi Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Kwa kumi hizo, wadi moja ikienda huku au kule, mwanamke mmoja anaingia na mwingine anabaki nyumbani. Na wadi ikichukuliwa na mgombea huru, haiongezi kitu kwa orodha ya chama chochote. Yule mwanamke ambaye angeingia kwa hesabu ile, haingii.

Kwa hivyo mtu anayesema "wadi nachagua mtu tu" amechagua na wengine pia, bila kuona sura zao. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka mingi kabla ya kulitia akilini.

Na huyo mheshimiwa wako wa "niko peke yangu", simtetei, lakini hakukudanganya. Hoja bungeni inataka wa kuiunga mkono, kamati zina wenyeviti, bajeti inapitishwa kwa mikono. Asiye na upande itabidi auombe kila mkono kivyake. Wapo wanaoweza. Wapo wagombea huru wanaoingia na siku ya pili wamekwisha jua chai ya nani inanyweka. Lakini hilo ungemuuliza kabla: ukifika ndani utakaa na nani? Ulimuuliza mangapi ya mazikoni, hilo hukumuuliza.

Mkitaka kujua mimi hufanyaje, nitasema, na mnaweza kunipopoa. Gavana namchagua mtu. Mbunge namchagua chama. Gavana ana kalamu: anateua mawaziri wake wa kaunti, anatia saini, akiwa mvivu uvivu wake utauona zahanati ikikosa dawa, chama chochote kile. Mbunge ana mkono mmoja katika mikono 349. Awe malaika, ni mkono mmoja, na mkono ule utainuka pamoja na mikono mingine au utabaki mfukoni. Nikimpigia mbunge nauliza mikono gani itakuwa jirani yake. Seneta vile vile. Wadi ndiyo inanisumbua mpaka leo, kwa sababu ya hiyo hesabu ya pili, na kila uchaguzi hapo naangalia orodha kwanza.


Mtanga Asilia, Tanga

Shikamoo mama, na wote humu. Natokea ng'ambo ya mpaka, nasoma tu nikaona nichangie.

Kwanza, nyie mnaringa. Sisi hilo swali la mama halipo kwenye karatasi. Bara huku sheria inataka kila mgombea awe na chama, mgombea binafsi hakuna. Mchungaji Christopher Mtikila alipigana nalo mahakamani miaka na miaka. Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi, ikasema kumnyima mtu kugombea bila chama ni kumvunjia haki. Mtikila akafariki 2015. Sheria ipo vilevile. Kwa hiyo huku mtu akikwambia "mimi nachagua mtu", maana yake anachagua kati ya watu ambao vyama vimeshamchagulia. Ndani ya chama ndiko kazi ilikofanyika, wewe unakuja kupiga muhuri.

Pili, huyo kijana na suti yake, huku iliitwa mafiga matatu. Rais, mbunge, diwani, chungu hakikai mafiga mawili. Mama yangu mzazi alikuwa akijibu kwamba yeye anapikia jiko la mkaa.

Tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Miaka ile ya 2017 na 2018 kuna wabunge wa upinzani walijiuzulu viti vyao, wakahamia chama tawala, wakasema wanaunga mkono juhudi za rais. Ukaitishwa uchaguzi mdogo. Wakarudi kugombea jimbo lile lile na wengine wakashinda. Sura ile ile, jimbo lile lile, fulana nyingine. Nina jamaa yangu alimpa mmoja wao kura mara zote mbili. Nikamuuliza, ulichagua mtu au chama? Akasema mara ya kwanza chama, mara ya pili mtu. Nikamuuliza mtu huyo mara ya kwanza alikuwa nani? Akaniambia nisimharibie chai.

Halafu mama, nimecheka peke yangu. Huku kwetu ukisema "mkeka umetoka" watu wanakimbilia simu kuona nani kateuliwa ukuu wa wilaya. Wako ndio mkeka wa kweli.


Mama Miyaa, Matondoni

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wasusi wenzangu wakisikiliza. Tulikuwa wanne na ukili ulisogea kidogo sana leo, kwa hivyo mnatudai.

Mzee wa Mkunguni, ahsante. La mlolongo nalikumbuka kwa mbali, marehemu baba alirudi siku ile akakataa chakula.

Binti wa Kizingitini, la dumu mlangoni limenishika. Mkono wa kulia kwangu kuna mama mvuvi, alipolisikia alisema "hiyo ndiyo ya kwendea" pamoja na wewe, kama duwa.

Mwalimu, wewe umenifanyia vibaya. Miaka yote hii naona karatasi ya wadi ndiyo yangu hasa, ile ndogo ya nyumbani, ya mtu ninayemjua, na zile kubwa ndizo za wenyewe. Kumbe ndiyo yenye mlango wa nyuma. Tumeulizana hapa sote wanne nani anawajua wanawake wa viti maalum wa bunge letu la kaunti kwa majina. Mmoja alitaja jina moja. Tulipomuuliza ni wa chama gani akasema ni shemeji wa fulani.

Nataka niseme na la mavyaa, kwa sababu ni maneno yake niliyomtupia mwanangu, na nilimtupia nusu. Mavyaa wangu hakujua kusoma na mwisho macho yalikuwa na mtoto wa jicho. 2017 alitaka kupiga kura mwenyewe, asiandamane na mtu kibandani. Alikuwa na watu wake sita, kila mmoja amemchagua kwa sababu yake, mmoja kwa sababu babu yake alikuwa na sauti nzuri ya adhana. Picha zimo kwenye karatasi, lakini kwa macho yake, alisema, wote ni kofia na ndevu. Basi nilikaa naye siku tatu na mkaa, nikamchorea alama sita nyuma ya pakiti ya sukari, akawa anazipapasa kwa kidole na kuzitaja kama anayesoma juzuu. Aliyepiga kura ile alichagua watu, naapa. Lakini alichokiona kibandani ni alama. Alipotoka aliniambia tano nimezipata, ya sita nilibahatisha. Ya sita ilikuwa ya wadi.

Basi kwa sasa nimefika hapa. Wataanza kuja, wengine wamekwisha anza, nimeona boti yenye bendera juzi na uchaguzi ni Agosti 2027. Wa ubunge akija nitamuuliza mikono gani itakuwa jirani yake, na maneno hayo ya Mwalimu nayachukua bila kuomba. Wa wadi akija, akiwa na chama nitamwambia nioneshe kwanza orodha ya wanawake wa chama chako, jina kwa jina, na anayetoka visiwani ni nani. Akiwa hana chama, nitamkalisha juu ya ile mikeka miwili, nimwambie kwa nini nyekundu imeingia kwenye nyeupe, kisha aniambie atakaa na nani huko ndani. Mazikoni tutaonana tu, hilo simuulizi tena.

Mwanangu ameyasoma haya kwa simu yangu. Amesema atafikiri. Kwa yule, hiyo ni sawa na mwingine kuomba radhi. Kisha akaongeza kwamba na mimi nifikiri suti, angalau suruali na koti.

Mwalimu, la mwisho. Hiyo orodha ya wanawake mtu wa kawaida kama mimi ataiona wapi kabla ya kupiga kura?


Mwalimu, Hindi

Vyama huikabidhi kwa IEBC, tume ya uchaguzi, kabla ya uchaguzi, Mama, na tume huichapisha magazetini. Kurasa nyingi, herufi ndogo. Chukua miwani safari hii. Gazeti linafika Matondoni?


Mama Miyaa, Matondoni

Linafika, Mwalimu. Linafika limefungia mahamri. Nitamwambia mwenye mahamri wiki ile anipe kurasa zote, na mafuta yake.